Kishikwambi: Je, Ni Lazima Kifanane na Kompyuta ya Mezani?

Tarehe 23 Agosti, 2022, makarani wa sensa walienea katika miji na vijiji vya Tanzania, kila mmoja akiwa na kishikwambi mkononi. Dodoso ambalo hapo zamani lilijazwa kwa kalamu katika karatasi, safari hii lilikuwa ndani ya kioo. Karani aliuliza, akagusa jibu, akaendelea na swali lililofuata. Na hesabu ilipokamilika ilijulikana ya kwamba nchi ina watu 61,741,120. Wenzetu wa Kenya walikuwa wamekwisha kutumia vyombo vya namna hiyo katika sensa yao ya mwaka 2019. Baada ya kazi hiyo kwisha, vishikwambi vya sensa ya Tanzania vilianza kukabidhiwa kwa walimu ili viwasaidie katika ufundishaji.

Hapo ndipo linapozaliwa swali la makala haya. Kazi ya karani wa sensa ni moja, tena imepimwa tangu mwanzo hadi mwisho: programu ni moja, maswali yamepangwa, na majibu yote hupelekwa mahali pamoja. Kazi ya mwalimu haina mipaka ya namna hiyo. Leo anasoma muhtasari wa somo, kesho anatunga mtihani wenye mchoro wa moyo wa binadamu, keshokutwa anajumlisha alama za wanafunzi 90 katika jedwali, kisha hana budi kulipeleka jedwali hilo kwa mwalimu wa taaluma katika faili ambalo mwenziwe ataweza kulifungua. Chombo ni kile kile, lakini kinachodaiwa kukifanya kimebadilika. Je, kishikwambi kinatosha kwa kazi hiyo kama kilivyo, au ni lazima kiazime desturi za kompyuta ya mezani?

Makampuni matatu makubwa ya Marekani, yaani Apple, Google na Microsoft, yamekuwa yakilijibu swali hili kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Kila moja lilianza na jibu lake, na kila moja limelazimika kulibadili. Tutajaribu kueleza sababu za mabadiliko hayo, kwa maana ndani yake mna mambo ya manufaa kwa yeyote anayekusudia kutoa fedha zake, au za shule yake, kununua chombo hiki.

Mtoto aliyemtangulia baba

Watu wengi hudhani ya kwamba kishikwambi ni mtoto wa kompyuta ya mezani, aliyepunguzwa umbo ili apate kubebeka. Kwa upande wa fikra, mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1972 mtaalamu Alan Kay, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, alieleza katika karatasi yake chombo alichokiita Dynabook: kompyuta yenye ukubwa wa daftari, ya kubebwa na mtoto, ambayo kwayo angeweza kusoma, kuandika, kuchora, na hata kutunga programu zake mwenyewe. Ufundi wa siku zile haukuweza kukitengeneza chombo hicho. Kwa hiyo yeye na wenzake walijifariji kwa mashine kubwa iliyoitwa Alto, ambayo ilianza kufanya kazi mwaka 1973, nao waliihesabu kuwa ni Dynabook ya muda.

Mashine hiyo ya muda ndiyo iliyokuja kuwa baba wa kompyuta zote za mezani. Ilikuwa na kipanya, chombo ambacho Douglas Engelbart alikuwa amewaonyesha wataalamu hadharani tarehe 9 Desemba, 1968. Ilikuwa na madirisha yaliyoweza kulaliana kiooni kama karatasi juu ya meza. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox iliuza mashine nyingine, Star, ambayo kioo chake kilipambwa kwa picha za vitu vya ofisini: karatasi, majalada, makabati. Mwaka 1984 Macintosh ya Apple iliifikisha sura hiyo kwa watu wa kawaida, na Windows ya Microsoft ikaieneza duniani kote.

Basi tunaposema "desturi za kompyuta ya mezani" katika makala haya, tunakusudia mambo ambayo msomaji anayafahamu hata kama hajapata kuyapa jina. Kuna madirisha mengi yanayofunguliwa kwa wakati mmoja. Kuna kishale kidogo kinachoendeshwa kwa kipanya. Kuna mafaili yanayokaa katika majalada, ambayo mwenye mashine anaweza kuyaona, kuyanakili na kuyahamisha apendavyo. Tena kuna uhuru wa kuingiza programu kutoka popote. Ni kosa kuyachukua mambo haya kuwa ni kitu kimoja. Kama tutakavyoona, baadhi yake hayana kazi kubwa katika kishikwambi, na mengine yakikosekana kazi haifanyiki.

Kidole na kipanya

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alichapisha matokeo ya majaribio ambayo hadi leo ni msingi wa taaluma hii. Aliwapa watu kalamu ya chuma, akawaagiza wagusegusе vibao viwili kwa zamu, haraka iwezekanavyo. Alikuta kwamba muda unaohitajika kufikia shabaha hutegemea uwiano wa umbali wake na upana wake. Shabaha ikiwa mbali, muda huongezeka. Ikiwa nyembamba, muda huongezeka pia. Ukiuzidisha umbali mara mbili na upana mara mbili, muda haubadiliki.

Sasa fikiria kidole. Ncha ya kidole cha mtu mzima huchukua nafasi ya sentimita moja hivi juu ya kioo, na wakati wa kugusa hukifunika kile kile kinachoguswa. Kishale cha kipanya, kwa upande wake, huishia katika nukta. Ndiyo sababu watungaji wa programu za Android hushauriwa kitufe kisipungue milimita 9 hivi kwa upana, ilhali katika kompyuta ya mezani orodha ya amri zenye kimo cha milimita 4 au 5 haimsumbui mtu. Vilevile kishale kinaweza kuelea juu ya kitu bila kukibonyeza, na mashine ikatoa maelezo. Kidole ama kimegusa, ama hakikugusa. Tuongeze uchovu wa mkono. Mtu aliyeuinua mkono wake mbele ya kioo kilichosimama, akawa anagusa juu na chini, huanza kuhisi uzito wa bega baada ya dakika chache tu, jambo ambalo wahandisi walilitambua tangu miaka ya 1980.

Kutozingatia mambo haya ndiko kulikovigharimu vishikwambi vya kwanza vya Microsoft. Toleo maalumu la Windows XP kwa ajili ya vyombo hivyo lilitolewa Novemba 2002. Lilikuwa ni Windows ya mezani, pamoja na vitufe vyake vidogo na orodha zake ndefu, iliyokabidhiwa kalamu maalumu ya elektroniki. Mashine zenyewe zilikuwa nzito na ghali. Madaktari wachache na wakaguzi wa mitambo walizipenda, umma haukuzijali.

Kambi tatu

Apple iliuza iPad ya kwanza tarehe 3 Aprili, 2010, nayo ilifuata njia iliyo kinyume kabisa. Kioo chake kilikuwa cha inchi 9.7. Hakikuwa na kishale, hakikuwa na madirisha, na mafaili hayakuonekana popote. Programu moja ilikijaza kioo chote, na kila kitufe kilipimwa kwa kidole. Mwezi Juni mwaka huo huo Steve Jobs, mkuu wa kampuni hiyo, alilinganisha kompyuta za kawaida na malori: wakati Marekani ilipokuwa nchi ya wakulima kila mtu alihitaji lori, lakini watu walipohamia mijini wengi walitosheka na gari dogo. Ni mfano mzuri, ingawa sisi tunaoishi katika nchi ambazo gari dogo nalo hupakia magunia ya mahindi na mikungu ya ndizi tunaweza kuutilia shaka.

Google nayo ilitoa toleo la kwanza la Android lililokusudiwa vishikwambi mwezi Februari 2011. Mfumo huu endeshi, yaani programu kuu inayoitawala mashine, hutolewa kwa viwanda vingi, na kwa ajili hiyo vishikwambi vyake hupatikana kwa bei za kila namna, kutoka vya bei nafuu kabisa hadi vya fahari. Tangu mwanzo ulimruhusu mtumiaji kuyaona mafaili yake na, katika vyombo vingi, kuingiza kadi ya kumbukumbu. Udhaifu wake ulikuwa mahali pengine: programu nyingi zilitungwa kwa ajili ya simu, zikatandazwa tu katika kioo kikubwa kama chapati iliyosukumwa kupita kiasi. Google yenyewe ilisitasita. Mwaka 2019 ilitangaza kwamba haitatengeneza tena vishikwambi vyake. Mwaka 2022 ikatoa toleo la Android lililorekebishwa kwa vioo vikubwa. Na mwaka 2023 ikarudi sokoni na chombo kipya.

Microsoft ilichagua kuunganisha kila kitu. Windows 8, iliyotolewa tarehe 26 Oktoba, 2012, ilikuwa na nyuso mbili katika mashine moja: upande huu vigae vikubwa vya kuguswa, upande ule meza ya zamani. Mwezi Aprili mwaka huo Tim Cook, aliyekuwa amemrithi Jobs, alikuwa amekwisha kulikejeli wazo kama hilo kwa kusema kwamba hata jokofu na kibaniko cha mikate vinaweza kuunganishwa, lakini chombo kitakachopatikana hakitampendeza mtu. Siku ile ile ya Windows 8 ilitoka Surface RT, kishikwambi cha Microsoft yenyewe. Kilikuwa na meza inayofanana na ile ya Windows, lakini prosesa yake ilikuwa ya aina nyingine, hata programu za Windows ambazo watu walikuwa nazo hazikuweza kufanya kazi ndani yake. Mnunuzi alipewa sura ya kompyuta bila nguvu zake. Julai 2013 kampuni ilitangaza hasara ya dola milioni 900 kwa ajili ya vyombo hivyo vilivyolala ghalani. Ndugu yake, Surface Pro, ambaye alikuwa kompyuta kamili yenye kibodi ya kubandika, aliuzwa kwa bei ya juu zaidi. Na ukoo wake ungali unaendelea hadi leo.

Kisa cha Surface RT kinastahili kukumbukwa na kila mnunuzi. Meza iliyochorwa kiooni haikuwasaidia watu neno. Walichokuwa wakikihitaji ni programu zao na mafaili yao.

Kwa nini programu hulazwa usingizi

Baadhi ya upungufu wa vishikwambi vya kwanza haukutokana na ukaidi wa watengenezaji, bali na hesabu za umeme. Betri ya iPad ya kwanza ilihifadhi nishati ya wati-saa 25, na ilitakiwa idumu saa kumi. Maana yake ni kwamba chombo kizima, pamoja na kioo chake, kiliruhusiwa kutumia wastani wa wati 2.5, yaani nusu ya balbu ndogo ya LED ya wati 5. Kumbukumbu yake ya kazi ilikuwa megabaiti 256 tu. Katika hali hiyo programu mbili zinazofanya kazi kwa pamoja zingegombania chakula kidogo kilicho sahanini.

Suluhisho lilikuwa kuzilaza programu. Mtumiaji anapotoka katika programu moja kwenda nyingine, ile ya kwanza hugandishwa pale ilipofikia. Haili umeme, wala haifanyi kazi. Kumbukumbu ikipungua, mfumo endeshi huiua kabisa bila kumwuliza mtu. Kompyuta ya mezani hufanya vingine: kumbukumbu ikijaa, huhamishia sehemu ya yaliyomo katika diski, kama mwenye duka anayepeleka bidhaa zisizotoka upesi katika stoo ya nyuma. Vishikwambi vya Apple vilipewa stoo ya namna hiyo mwaka 2022 tu, tena katika mashine zenye prosesa mpya za M1 na hifadhi ya kutosha, ambazo programu nzito iliweza kupata hadi gigabaiti 16.

Android ilikuwa na huruma zaidi kwa programu zilizo nyuma ya pazia, na kwa miaka mingi watu waliisifu kwa uhuru huo huku wakilalamikia betri. Kadiri miaka ilivyopita, Google iliendelea kuikaza kamba. Hali hii inaeleza jambo ambalo humshangaza mtumiaji mpya: anaanza kupakia video ndefu ya somo, anahamia kusoma ujumbe, na akirudi anakuta kazi imekatika. Chombo hakikuharibika. Kimeilaza programu iliyokuwa ikifanya kazi hiyo.

Faili ni la nani?

Sasa tufikie jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha mashindano haya, ingawa watangazaji wa biashara hawalipigii ngoma.

Katika kompyuta ya mezani faili ni mali ya mwenye mashine. Mtihani ulioandikwa kwa programu moja unakaa katika jalada, na programu nyingine yoyote inaweza kuufungua, kuurekebisha au kuuchapa. Programu huja na kuondoka, faili hubaki. Katika iPad ya mwaka 2010 mambo yalipangwa kinyume. Kila programu ilijengewa chumba chake, na ilichokitunga kilifungiwa humo humo. Ukiifuta programu, vilivyomo chumbani hufutwa pamoja nayo. Ukitaka kutumia kazi yako katika programu ya pili, ilikubidi kutuma nakala. Na nakala hiyo ikawa na maisha yake, hata baada ya juma moja mtu akawa na mitihani minne inayofanana, asijue ulio sahihi ni upi.

Isidhaniwe kwamba mpango huo ulikuwa wa kipumbavu. Uhuru wa kompyuta ya mezani una bei yake, na bei hiyo ni virusi. Programu mbaya ikishaingia katika Windows ya zamani iliweza kupekua majalada yote, kuyaharibu au kuyaiba, kwa kuwa milango yote ilikuwa wazi. Na flashi iliyopita katika mashine kumi za steshenari ilikuwa gari zuri la kuusafirisha ugonjwa huo. Vyumba vilivyofungwa viliukata mlolongo wa maambukizi. Mzazi aliyemkabidhi mtoto iPad alilala usingizi.

Lakini kazi za watu haziishi katika chumba kimoja. Apple ilianza kufungua milango polepole. Mwaka 2017 iliongeza programu iitwayo Files, ambamo mafaili yaliweza kuonekana na kupangwa. Mwaka 2019 iliupa mfumo endeshi wa iPad jina lake, iPadOS, na kwa mara ya kwanza ikaruhusu flashi na diski za nje zisomwe humo kama zinavyosomwa na kompyuta. Miaka tisa ilikuwa imepita! Android, iliyoanza na milango wazi, ilikuwa ikienda upande wa pili: tangu toleo lake la 11 la mwaka 2020, programu mpya hazikuruhusiwa kupekua hifadhi yote kiholela, bali zilipewa sehemu zao na kutakiwa kumwomba mwenye chombo ruhusa. Wasafiri wawili waliotoka katika ncha mbili za barabara walikutana karibu na katikati.

Lipo na suala la uhuru wa kutunga. Alan Kay alikusudia mtoto aweze kuitungia mashine programu mpya. Mwezi Aprili 2010 Apple iliondoa katika duka lake programu iliyoonyesha kazi za watoto zilizotungwa kwa lugha ya Scratch, kwa sababu kanuni zake za wakati huo hazikuruhusu programu moja kuendesha programu nyingine ndani yake. Kanuni hizo zililegezwa baadaye, na mwaka 2016 kampuni hiyo hiyo ikatoa programu ya kuwafundisha watoto kutunga. Hata hivyo hadi leo yule anayetaka kujifunza utunzi wa programu kwa dhati atapata nafasi pana zaidi katika Windows, au katika kompyuta yoyote ya kawaida, kuliko katika kishikwambi.

Madirisha katika kioo kidogo

Kishale kiliingia katika iPad mwezi Machi 2020, kikiwa na umbo la duara linalokumbatia kitufe kinapokikaribia. Jibu la kiungwana kwa tatizo la Fitts, kwani shabaha inakuwa kana kwamba imepanuka. Kugawanya kioo kwa programu mbili kulikuwa kumekwisha kuruhusiwa mwaka 2015 kwa Apple na mwaka 2016 kwa Android. Samsung ilianzisha mpango wake wa DeX mwaka 2017 katika simu, na mwaka uliofuata ikautia katika kishikwambi: mguso mmoja, na kioo kinageuka kuwa meza yenye madirisha. Apple ilijaribu madirisha yanayolaliana mwaka 2022 kwa mpango ulioitwa Stage Manager, ambao wengi waliuona mgumu kuuzoea. Hatimaye Septemba 2025, katika iPadOS 26, ilikubali madirisha kamili yanayovutwa na kupunguzwa, pamoja na mstari wa amri juu ya kioo, karibu sawa na Macintosh ya 1984. Google nayo imetia madirisha ya namna hiyo katika matoleo mapya ya Android. Wakati huo huo Microsoft, katika Windows 11 ya mwaka 2021, iliifuta hali maalumu ya kishikwambi iliyokuwa katika Windows 10, ikabakiza kupanua nafasi baina ya vitufe pindi kibodi inapobanduliwa.

Je, madirisha haya yanamsaidia mtu? Tufanye hesabu. Kioo cha inchi 10.1, ambacho ni cha kawaida katika vishikwambi vya bei ya kati, kina urefu wa sentimita 22 hivi na upana usiofika 14. Hicho ni karibu ukubwa wa karatasi ya A5, yaani nusu ya karatasi ya mtihani. Ukifungua madirisha mawili, kila moja linakuwa kama kadi ya posta. Kibodi ya kiooni ikitokea, inameza karibu nusu ya kilichosalia. Mtu anayesoma kitabu upande mmoja na kuandika maelezo mafupi upande wa pili atafaidika na madirisha mawili. Ya tatu na ya nne ni mapambo, isipokuwa chombo kiwe kimeunganishwa na kioo kikubwa cha nje. Hapo hali hubadilika kabisa, lakini hapo pia mtu anakuwa amekwisha kununua kioo, kibodi na kipanya, na anaweza kujiuliza ni kitu gani anachokiita kishikwambi.

Nani anahitaji nini

Kati ya mwisho wa 2017 na mapema 2019, katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa wa Tanga, watoto 2,700 hivi, wengi wao wasiopata kwenda shule, walipewa vishikwambi vya Android vyenye programu za kujifundishia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Vilichajiwa kwa umeme wa jua. Jaribio hilo lilikuwa sehemu ya shindano la kimataifa la XPRIZE, na zawadi yake ya dola milioni 10 iligawanywa mwaka 2019 baina ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion. Mtoto yule hakuhitaji kishale, wala jalada la mafaili, wala madirisha. Alihitaji picha kubwa, sauti inayoeleweka na kioo kisichoweza kumpoteza. Kila desturi ya kompyuta ya mezani ambayo ingeongezwa katika chombo chake ingekuwa mlango mwingine wa kupotelea. Ndivyo alivyo pia karani wa sensa, na msomaji wa mita za maji, na mhudumu wa afya anayejaza fomu moja nyumba kwa nyumba.

Mwalimu ni mtu mwingine. Kwa maoni ya mwandishi, mahitaji yake yafuatane hivi: kibodi halisi kwanza, kwa sababu mtihani wa kurasa nne hauandikwi kwa kugusa kioo bila kuudhika, kisha mafaili yanayotoka na kuingia bila masharti, kishale baadaye, kwa ajili ya majedwali na michoro, na madirisha mwisho kabisa. Matangazo ya biashara huupanga mfululizo huu kinyume, maana madirisha hupendeza katika picha, na faili halina sura.

Bei nayo isisahauliwe. Kishikwambi kikiongezewa kibodi na kipanya, jumla yake mara nyingi hukaribia au kupita bei ya kompyuta ya kupakata ya kawaida, hasa katika vyombo vya fahari ambavyo kibodi yake huuzwa peke yake. Aliye na kishikwambi tayari, kama walimu wengi sasa, hesabu yake ni nyingine: kibodi na kipanya vya kawaida visivyo na waya ni bei ndogo, na Android huvikubali vyote viwili. Anayetafuta kishikwambi cha Windows kilichokwisha kutumika aangalie zaidi ya hapo, kwa kuwa Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na mashine nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11.

Kabla ya kulipa, mnunuzi anaweza kufanya jaribio lisilozidi robo saa pale pale dukani. Achukue flashi yenye mtihani wa zamani uliopigwa kwenye kompyuta, ulio na jedwali moja na mchoro mmoja. Aufungue katika kishikwambi, abadili sentensi mbili, aongeze mstari katika jedwali, auhifadhi tena katika flashi ile ile kwa jina jipya. Kisha avuke barabara hadi steshenari, aufungue katika kompyuta ya huko na kuuchapa. Atazame kama jedwali limebaki mahali pake, kama mchoro haukurukia ukurasa wa pili, na kama faili la mwanzo lingali salama.